Mwalimu wa Kiingereza Katika Nchi ya Wachina

Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na katika miaka hiyo nilipokea walimu wa Kiingereza kutoka ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa mkataba wa miaka miwili. Kazi ya mwenyeji haina makuu. Nilihakikisha kwamba paa la nyumba halivuji, chandarua kipo, maji yamechotwa, na barua za mgeni zinamfikia. Alipoondoka tulimuaga kwa hotuba na kinyago, kisha mimi na wakufunzi wangu tukabaki na darasa lile lile. Swali moja halikuniacha hata baada ya kustaafu: mgeni wa namna hii huacha nini hasa? Nimelitafutia jibu mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu na kwa mapana makubwa, nako ni China.

Mambo yalianza kwa sababu ya mkataba. Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858, ambao Waingereza waliupata kwa mizinga, ulisema kwamba ikitokea tofauti ya maana kati ya maandishi ya Kiingereza na ya Kichina, ya Kiingereza ndiyo yatakayoshika. Hebu fikiri, msomaji: umeshindwa vita, na sasa hata maana ya maneno uliyoyatilia sahihi inakaa mikononi mwa aliyekushinda. Serikali ya nasaba ya Qing iliona hatari hiyo. Mwaka 1862 ilifungua mjini Beijing shule ya wakalimani iliyoitwa Tongwen Guan, ikianza na vijana 10. Mwalimu wa kwanza wa Kiingereza alikuwa mmisionari Mwingereza, John Burdon, naye alipewa kazi kwa sharti kwamba asihubiri dini darasani. Baadaye alikuja Mmarekani, W. A. P. Martin, ambaye mwaka 1869 alifanywa mkuu wa shule hiyo. Tangu mwanzo, basi, sharti lilikuwa wazi: tupe ulimi wako, mengine kaa nayo.

Katika vijana wale 10 wa kwanza alikuwamo mmoja aliyeitwa Zhang Deyi. Alisafiri Ulaya na balozi za China, akaandika kumbukumbu nyingi za safari zake. Mwaka 1891 Mfalme Guangxu, kijana wa miaka 20, alipotaka kujifunza Kiingereza, hakuletewa Mwingereza wala Mmarekani, ingawa hao walikuwapo mjini. Aliletewa Zhang Deyi na mwenzake Shen Duo, Wachina wote wawili, wote wamesoma Tongwen Guan. Mimi niliyetumia maisha yangu kuwafunza walimu nikisoma habari hiyo hufurahi moyoni. Ndani ya miaka 30 tu shule ilikuwa imezaa walimu wake yenyewe.

Lakini katika wageni wote waliofundisha huko, anayenivuta zaidi ni William Empson. Alikuwa Mwingereza wa miaka 31, mshairi, tayari ameshajulikana kwao kwa kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu namna mashairi yanavyobeba maana nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1937 alikwenda kushika kazi katika Chuo Kikuu cha Peking, na alipofika alikuta vita. Majeshi ya Japani yalikuwa yamevamia Kaskazini mwezi Julai. Chuo kilichomwajiri kilikuwa kimekimbia. Mtu mwingine angepanda meli akarudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikifuata chuo.

Vyuo vikuu vitatu, Peking, Tsinghua na Nankai, viliungana uhamishoni. Kitivo cha fasihi kiliwekwa kwa miezi michache Nanyue, mlima mtakatifu katika jimbo la Hunan, na huko Empson alilala chumba kimoja na profesa wa falsafa. Maktaba zilikuwa zimebaki nyuma, mikononi mwa adui. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walipohitaji kusoma Othello, Empson aliketi mbele ya mashine yake ya taipu akaiandika tamthilia hiyo kutoka kichwani, na mashairi mengine akayatoa kwa kumbukumbu vivyo hivyo, nao wakanakili kwa mkono.

Habari hii nimeielewa kwa mwili wangu, kama wasemavyo wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chuo chetu kilikuwa na muhula ambao karatasi za kurudufia zilikwisha kabisa, na kitabu kimoja cha riwaya kilisomwa na wanafunzi 40. Mkufunzi alisoma kwa sauti na darasa likaandika. Sisemi kwamba umaskini ni mwalimu mzuri; wanaosema hivyo mara nyingi hawajapata kuwa maskini. Nasema tu kwamba mwalimu asiye na kitabu hubainika upesi anachokijua na asichokijua. Empson alikijua.

Mapema mwaka 1938 chuo kilihama tena, safari hii hadi Yunnan, kusini magharibi kabisa. Wanafunzi wanaokaribia 300 pamoja na baadhi ya walimu walisafiri zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Changsha hadi Kunming, sehemu kubwa kwa miguu, kwa siku 68. Empson hakutembea nao, alipitia njia nyingine. Lakini aliwafundisha tena walipofika, kwanza Mengzi, kisha Kunming, mpaka alipoondoka mwaka 1939. Waliokaa mbele yake ni pamoja na Wang Zuoliang na Xu Guozhang. Shika jina hilo la pili. Tangu miaka ya 1960 vitabu vya kiada vya Xu Guozhang ndivyo Wachina wengi mno walivyojifunzia Kiingereza, na wengi wao hawakupata kumwona Mwingereza hata mmoja.

Baada ya mwaka 1949 upepo uligeuka. Rafiki mkubwa alikuwa Urusi ya Kisovieti, na Kirusi kikachukua nafasi ya Kiingereza mashuleni. Walimu wengi wa Kiingereza walilazimika kujifunza Kirusi haraka ili wakifundishe. Mwaka 1960 Warusi waliwaondoa wataalamu wao, na Kiingereza kikaanza kurudi. Wageni wa Magharibi waliobaki walikuwa wachache, na miongoni mwao walikuwa David na Isabel Crook. David alizaliwa London mwaka 1910 na alipigana vita vya Uhispania. Isabel alizaliwa Chengdu mwaka 1915, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Kanada. Mwaka 1948 waliombwa kufundisha Kiingereza katika shule ndogo iliyowekwa kijijini Nanhaishan, huko Hebei, ili kuwaandaa maofisa wa serikali iliyokuwa inakuja. Shule hiyo iliingia Beijing mwaka uliofuata na ikakua, na leo ni Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Wang Zuoliang na Xu Guozhang walifundisha hapo hapo, na hapo pia Kiswahili chetu kilianza kufundishwa katika miaka ya 1960.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipofika, David alikamatwa mwaka 1967 akafungwa zaidi ya miaka mitano. Isabel alizuiliwa ndani ya eneo la chuo kwa miaka kadhaa. Watoto wao watatu wa kiume walibaki kujitafutia. David alifunguliwa mwaka 1973, na mwaka huo huo Waziri Mkuu Zhou Enlai aliwaomba radhi wageni waliotendewa hivyo. Nao hawakuondoka. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kurudi kusahihisha insha katika chuo ambako vijana waliniita jasusi. David alirudi, akashiriki pia katika kazi ya kamusi ya Kichina na Kiingereza iliyotoka mwaka 1978.

Karibu na wakati ule, reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, nilikutana na mkalimani kijana katika kambi moja ya Wachina. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka, cha kitabuni kidogo, kama changu. Nilimwuliza nani kamfundisha. Akasema mwalimu wake alikuwa Mchina ambaye hajapata kutoka nje ya nchi.

Baada ya mwaka 1978 milango ilifunguliwa na wageni wakaja kwa wingi. Maisha yao ya kila siku yalifanana karibu kila mahali. Nyumba ya wageni ilikuwa ya peke yake, ina joto na maji ya moto kuliko za walimu wenyeji, na langoni kulikuwa na mlinzi aliyeandika majina ya wanaomtembelea. Chupa za maji ya moto zililetwa kila siku. Kati ya mwaka 1980 na 1994 mgeni alipewa hata hela zake za pekee, hati zilizotumika katika maduka ya bidhaa ambazo mwenyeji hakuzipata. Asubuhi, kabla ya kengele, aliwakuta wanafunzi wamesimama chini ya miti, kila mmoja akisoma Kiingereza kwa sauti yake. Mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake Mchina aliyefundisha vipindi zaidi. Jambo hilo nalijua kutoka upande wa pili wa meza, na sikulipenda.

Vijana wetu wa Afrika nao walijaribu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mwalimu hodari, alinisimulia kwamba shule moja huko ilimkubali kwa simu, ikamkataa ilipomwona. Kanuni za vibali humtaka mwalimu wa lugha, kwa kawaida, awe raia wa nchi ambako lugha hiyo ni lugha mama. Siku hizi mlango umekuwa mwembamba kwa wote. Mwaka 2020 Wamarekani waliondoa mpango wao wa walimu wa kujitolea, uliopeleka watu zaidi ya 1,300 tangu mwaka 1993, na mwaka 2021 serikali ya China ilibana masomo ya ziada ya biashara na kuzuia kuajiri walimu walioko nje ya nchi.

Mmoja wa wale wa kujitolea alikuwa Peter Hessler. Mwaka 1996 alipelekwa Fuling, mji ulio mahali mto Wu unapoingia Yangtze, wakati huo hauna reli, kufundisha katika chuo cha ualimu. Nilipofika hapo katika kitabu chake nilisogeza taa. Wanafunzi walikuwa watoto wa wakulima, wamejipa majina ya Kiingereza, wanaigiza Hamlet kwa lafudhi ya Sichuan, na wakihitimu watapangwa katika shule za sekondari vijijini. Alikaa miaka miwili akaondoka. Mwaka 2019 alirudi Sichuan kufundisha Chengdu, akawaandikia wale wa Fuling kuwajulia hali. Walikuwa na miaka 40 na zaidi. Wengi wao walikuwa bado darasani, wanafundisha Kiingereza.