Sanamu ya Askari, Dar es Salaam

Askari huyu wa shaba amesimama hapa, yanapokutana Mtaa wa Samora na Mtaa wa Azikiwe, tangu mwaka 1927. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Tazama singe ya bunduki yake: imeelekezwa bandarini. Zamani hapa palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916.

Soma maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na za Kilatini. Yanawakumbuka askari Waafrika na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini juu yuko askari peke yake, na hiyo si haki. Wapagazi ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi kwa miguu, porini na matopeni, wengi wao kwa kulazimishwa. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na malaria, kuhara na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Kariakoo, mwendo mfupi kutoka hapa, palikuwa na kambi yao. Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani hawakumbukwi kwenye mnara huu.