Mfanyakazi au Mwananchi? Somo la Mpaka wa Busia na Tororo

Katika makala haya mafupi tunachunguza maneno mawili ambayo aghalabu hufundishwa kana kwamba ni ndugu: mfanyakazi na mwananchi. Historia ya mpaka wetu inaonyesha kwamba yanaweza kugombana.

Dabani imo katika wilaya ya Busia, Uganda, ambayo hadi mwaka 1997 ilikuwa sehemu ya Tororo. Wasamia wa huku wana jamaa zao Funyula, nchini Kenya. Mwaka 1902 Waingereza waliondoa Jimbo la Mashariki katika Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hata hivyo, kwa miongo mingi mstari huo haukumzuia mtafuta kazi. Reli ilikuwa moja. Wakenya, hasa Wajaluo na Waluhya, walifanya kazi katika reli huko Kampala na katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Walikuwa wengi pia katika vyama vya wafanyakazi, hata miongoni mwa viongozi. Humo mtu alijulikana kwanza kwa kazi yake na mshahara wake.

Mwaka 1969 chama cha UPC cha Rais Milton Obote kilipitisha Hati ya Mtu wa Kawaida na kushika mwelekeo wa kushoto. Tarehe 1 Mei 1970, Sikukuu ya Wafanyakazi, Obote alitangaza kwamba serikali ingechukua asilimia 60 ya makampuni makubwa. Wakati huohuo migomo ilipigwa marufuku. Oktoba mwaka huo wafanyakazi wasio raia waliamriwa waondoke, na Wakenya wapatao 30,000 wakarudi kwao. Msamia wa Funyula akawa mgeni. Binamu yake wa Dabani akabaki mwananchi.

Hatuna budi kukiri kwamba ukosefu wa ajira ulikuwa wa kweli, na vijana wa Uganda walihitaji kazi. Lakini kumwondoa anayelipwa kidogo hakumwongezei mshahara anayeshika nafasi yake. Zaidi ya hayo, vyama vilivyonyimwa haki ya kugoma vilipoteza pia wanachama wao wazoefu.

Kenya nako hakukuwa na nafuu. Chama cha KPU, kilichoundwa mwaka 1966, kiliwaunganisha Oginga Odinga, Mjaluo, na Bildad Kaggia, Mkikuyu, katika kuwatetea maskini na wasio na ardhi. Wapinzani wake walikiita chama cha Wajaluo, na Oktoba 1969 kikapigwa marufuku. Hivyo wengi waliofukuzwa Uganda kwa uraia wao walirejea katika nchi ambako kabila lao lilitiliwa shaka.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na mwaka 1972 akawafukuza Waasia. Kipimo cha asili ya mtu kilikuwa kimekwisha kuzoeleka.

Funzo letu ni hili: siasa inayojiita ya wanyonge haina budi kueleza mnyonge ni nani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja wakulima na wafanyakazi, yaani watu kwa kazi yao. Neno mwananchi humtaja mtu kwa nchi yake, na kila nchi ina mpaka. Tangu mwaka 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja inamruhusu mfanyakazi kuvuka Busia na Malaba kutafuta ajira. Tunawaalika walimu wawaulize wanafunzi: akishavuka, tumwite nani?