Utulivu wa Mkono na Kamera Kubwa

Historia ya upigaji picha aghalabu husimuliwa kama historia ya mwanga. Yafaa isimuliwe pia kama historia ya utulivu, maana mwanga hauandiki vyema juu ya kitu kinachotikisika. Swali la insha hii ni dogo kwa umbo lakini ni kubwa kwa maana: picha inapopigwa, ni nani apaswaye kutulia?

Hapo mwanzo jibu lilikuwa dhahiri: na atulie apigwaye. Daguerre alipoielekeza kamera yake Boulevard du Temple, mjini Paris, mwaka 1838, mwanga ulihitaji dakika kadhaa kufanya kazi yake. Magari ya farasi na wapita njia hawakuacha hata kivuli. Alisalia mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Aliyetulia alionekana, aliyekwenda alifutika. Baadaye wapiga picha wa studio waliweka vyuma nyuma ya vichwa vya wateja ili wasitikisike, na kamera yenyewe ilikaa juu ya miguu mitatu kama chungu juu ya mafiga.

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, tabibu wa Uingereza, alitangaza njia ya kupaka vioo dawa ya fedha iliyochanganywa na gelatini. Wengine walipoitengeneza zaidi njia hiyo, muda wa kupiga picha ulipungua hata ukawa chini ya sekunde moja. Kamera iliweza sasa kuteremka kutoka mafigani pake na kushikwa mkononi. Hapo deni la utulivu lilihama: lilitoka shingoni mwa apigwaye, likaingia mikononi mwa apigaye.

Walikuwako mabingwa walioidharau kamera ya mkono, wakaiona kuwa chombo cha mchezo. Alfred Stieglitz alionyesha thamani yake. Tarehe 22 Februari 1893 alisimama kwa muda wa saa tatu hivi katika dhoruba ya theluji, Fifth Avenue, New York, akiwa na kamera ya inchi 4 kwa 5, akingoja gari la farasi lifike mahali alipopataka. Katika makala yake ya mwaka 1897 alishauri kwamba mtu achague kwanza jambo lake, achunguze mistari na mwanga, kisha angoje. Fikira hii ina uzito. Mkono haupati utulivu ikiwa moyo haujajua unachokingoja.

Mwaka 1912 ilitokea Rochester, nchini Marekani, kamera iitwayo Speed Graphic, ambayo jamaa yake iliendelea kutengenezwa hata 1973. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa silaha ya waandishi wa magazeti wa nchi ile. Ilikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi, na uzito huo ulikuwa rafiki na adui. Kitu kizito hakitishwi na mtetemo mdogo wa kidole. Walakini mkono uliochoka hutetemeka. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulipitishwa katika kamba ya ngozi ubavuni mwa kamera, viwiko vikabanwa mbavuni, miguu ikatanuliwa, pumzi ikatolewa taratibu, na kidole kikabonyeza pasipo kushtuka.

Ukubwa wa filamu nao ulikuwa na hila yake. Picha ya inchi 8 kwa 10 hupatikana kwa kuikuza filamu ya inchi 4 kwa 5 mara 2 tu, hali filamu ndogo ya milimita 35 hukuzwa mara 8 hivi. Mtu angedhani kuwa mtikisiko umesamehewa. La! Kamera kubwa hutumia lenzi ndefu, ya milimita 127 au 135, nayo huuongeza mtikisiko juu ya filamu; basi faida na hasara karibu hulingana. Tena lenzi hiyo haionyeshi vyema vya mbali na vya karibu kwa pamoja ila tundu lake lipunguzwe. Tundu likipunguzwa, mwanga hupungua. Mwanga ukipungua, muda hurefuka, na mtikisiko hupata nafasi. Usiku fundo hili lilifunguliwa na globu za kumweka, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1930: giza lilificha yaliyotangulia na yaliyofuata.

Tarehe 23 Februari 1945, juu ya mlima Suribachi katika kisiwa cha Iwo Jima, Joe Rosenthal, mtu mfupi wa kimo, alirundika mawe na mfuko wa mchanga apate pa kusimama. Kamera yake, Speed Graphic, aliipangia sehemu 1 kwa 400 ya sekunde. Bendera ilipoinuka aliigeuza kamera na kubonyeza. Picha ile ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uo huo. Wengi huiita bahati. Lakini mawe yalirundikwa kabla, na kipimo kilipangwa kabla. Bahati ilimkuta amesimama imara.

Basi jibu la swali letu limebadilika pamoja na chombo. Kasi ya kamera haikuuondoa wajibu wa kutulia. Iliutwaa kwa mnyonge aliyefungwa chuma kichwani, ikampa mwenye chombo. Kwa hakika hiyo ni haki: atakaye kuwaonyesha wengine ukweli na aanze kwa kuutuliza mkono wake mwenyewe.