Chungu na Kiroba: Wanawake na Ulevi Kwenye Njia ya Misafara (Sehemu ya 3)

Sehemu mbili zilizopita tuliongelea pombe na ujauzito, na meseji zimekuwa nyingi. Swali lililojirudia kuliko yote ni hili: "Nesi, bibi zetu walipika pombe na walikunywa, mbona hawakuwa walevi? Sisi tumekosea wapi?"

Leo najibu kwa historia. Na kwa kuwa kazi yangu iko Tabora, naanzia hapa hapa. Ni ndefu kidogo, mnyonyeshe mtoto kwanza ndipo ukae.

Tarehe 7 Novemba 1857 Mwingereza Richard Burton aliingia Unyanyembe, mahali palipoitwa Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo. Ilikuwa siku yake ya 134 tangu aondoke pwani. Yule bwana aliandika kila alichokiona, na mengi aliyaandika kwa dharau, kwa hiyo ukimsoma usimeze kila kitu. Lakini kuna jambo moja alilinakili ambalo mimi nimelifikiria sana. Anasema vijiji vya Wanyamwezi vilikuwa na nyumba za baraza zilizoitwa iwanza, na kwa kawaida zilikuwa mbili: moja ya wanaume, nyingine ya wanawake. Ya wanaume aliingia akaieleza mpaka kuta zake. Ya wanawake hakuruhusiwa kuchungulia.

Yaani mwanamke alikuwa na mahali pake panapojulikana, pa kukaa na wenzake, mchana kweupe. Na mpikaji wa pombe alikuwa yeye.

Sasa tuiangalie hiyo pombe yenyewe. Unaloweka mtama, unauacha uote, unapata kimea. Unaanika, unasaga, unapika, unaacha uchachuke siku kadhaa. Kinachotoka ni kizito kama uji na kilevi chake si kikali. Kikikaa kinaharibika, kwa hiyo huwezi kuweka akiba. Na nafaka ni ile ile ya kulisha watoto. Baada ya mavuno pombe ipo: watu wanaitwa kulima au kujenga, wanalipwa kwa chungu. Ikifika miezi ya njaa kabla mpya haijaiva, chungu kinakauka, mnywaji anapumzika atake asitake.

Hapo ndipo jibu la lile swali lilipo, jamani. Bibi zetu hawakuwa na damu tofauti na yetu. Walikuwa na uzio, na uzio wenyewe ulikuwa kalenda ya shamba. Nina hakika walikuwepo waliozidisha, maana mwili ni ule ule. Ila kilevi chenyewe kilikuwa kinakwisha.

Kisha ikaja biashara ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na waya. Tumezoea kuwaza wanaume tu na mizigo mabegani, lakini mwanahistoria Stephen Rockel ameandika makala nzima, iliyotoka mwaka 2000, kuhusu wanawake wa misafara. Walikuwemo wake za wapagazi waliobeba vyungu na chakula, wakapika, wakapika na pombe, wakauza. Walikuwemo wanawake huru waliotafuta maisha yao. Na walikuwemo waliopita njia hiyo hiyo wakiwa watumwa, hawakuchagua kitu.

Vijiji vya njiani navyo vikajifunza. Msafara ukipiga kambi, wanawake wanakuja na unga, kuku, na pombe, wanaondoka na kitambaa. Pombe iliyokuwa malipo ya kumshukuru jirani ikawa bidhaa ya kumuuzia mpita njia. Na mpita njia hana msimu kama shamba.

Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na 1914 ikafika Kigoma. Mji ukajaa watu wa mshahara, na mwenye mshahara anakunywa Januari hadi Desemba. Uzio wa kwanza ukaanguka hapo.

Wakoloni walikuwa na hesabu zao. Mwaka 1890, kwenye mkataba wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia pombe kali isiingizwe sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, Mwafrika aliendelea kukatazwa pombe kali za dukani karibu mpaka mwisho wa ukoloni. Pombe ya kienyeji ikaruhusiwa kwa kibali, kwenye vilabu, kwa saa maalumu, ili serikali ipate kodi na mfanyakazi aamke kesho. Ukikataza watu kitu kikali huku wana hela mfukoni, unajua kitakachotokea. Watu walipika moshi wao wenyewe, gongo tunayoijua leo. Mwanamke anaonekana kwenye sheria hizo kama mpikaji: wa kukatiwa kibali, au wa kukamatwa.

Baada ya uhuru sheria ya moshi ilitungwa 1966 na ya vileo kwa jumla 1968. Gongo haikuisha. Na tusijidanganye, wengi wetu humu tumesomeshwa na chungu. Daftari, sare, nauli ya bweni, vilitoka kwenye pombe ya mama. Mimi siwezi kumcheka mama muuza pombe. Ninachosema ni kwamba anayeonja kila pipa, kila siku, miaka kumi, ndiye wa kwanza kuumwa na wa mwisho kuulizwa.

Halafu vikaja viroba. Hivi mnavikumbuka? Kifuko cha plastiki cha pombe kali, bei ya pipi tu. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Wengi walisema ni kwa ajili ya vijana na bodaboda, na ni kweli. Ila sisi wa wodini tulijua na upande mwingine. Chungu hakifichiki. Kinanuka mtaa mzima, kinahitaji kuni, kinahitaji wenzako. Kiroba kinaingia kwenye pindo la kanga. Mwanamke anakunywa peke yake bafuni, anasukutua mdomo, anatoka kumwogesha mtoto. Kutoka iwanza ya wanawake mpaka bafuni: kwangu mimi hiyo ndiyo historia yenyewe. Na kiroba kimeondoka, bafu bado lipo.

Aibu hiyo ndiyo inayotuchelewesha kwenye matibabu. Mwanaume mlevi analetwa na ndugu. Mwanamke anajificha mpaka aanguke, maana anajua atakachoambiwa: mama gani wewe.

Na huduma zenyewe zilijengwa kwa mtindo wa mwanaume. Kwa miaka mingi aliyezidiwa na kilevi alipelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali ya tangu miaka ya 1920, nayo iko Ugogo, kwenye njia ile ile ya misafara. Unga uliposambaa pwani kuanzia miaka ya 1980, walioonekana vijiweni ni wanaume, tukawaita mateja. Wanawake walikuwepo. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo linaloumiza: wanawake waliojidunga unga walikuwa wakivuta damu yao kwenye sindano na kumpa mwenzao aliyekosa hela ajidunge, ili apunguziwe arosto. Walidhani wanasaidiana. Fikiria maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hapo.

Februari 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, ya kwanza nchini. Zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza, na Dodoma pale Itega. Ni dawa nzuri, inaondoa arosto na mtu anarudi kazini. Ila inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, na wanawake wamekuwa sehemu ndogo sana ya wanaokuja. Kila siku! Nauli ya kila siku, na mtoto umwache na nani? Nyumba za soba nazo zilianza Zanzibar 2009 na wanaume. Za wanawake zilichelewa na bado ni chache.

Kuna mama mmoja, kaniruhusu nimseme, na nimebadilisha mambo yake kidogo asijulikane. Anakunywa gongo, ana mtoto wa miezi mitano. Nilimtafutia nafasi kwa simu. Kituo kimoja kikaniambia, "Wanawake tunapokea, ila aje bila mtoto." Nikauliza, anyonyeshwe na nani? Wakasema hilo ni la familia.

Sasa yale ya kitaalamu, maana najua mnasubiri.

Kwanza, anayekunywa kila siku, hasa anayezimua asubuhi ili mikono iache kutetemeka, asiache ghafla peke yake nyumbani. Hapa mama mkwe na waume mnisikilize. Kumfungia chumbani "mpaka imtoke" kunaweza kumuua. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kwenye siku ya pili, ya tatu au zaidi. Wodini tunampa dawa ya kutuliza kwa dozi inayopungua, na vitamini B1 kulinda ubongo. Mara nyingi ni siku chache tu. Anzia kliniki ya afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa huwa nazo.

Mjamzito anayetumia unga naye asiache ghafla. Arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri aanzishiwe methadoni na aendelee nayo. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, ndiyo, ila tunaijua na inatibika. Na akiwa ametulia kwenye dozi, hachanganyi na vitu vingine, ananyonyesha. Kama ana VVU, afuate maelekezo ya dawa zake.

Lile la "pombe inaleta maziwa": hapana. Kilevi kinapunguza homoni inayosukuma maziwa, na kinapita kwenye ziwa kama kilivyo kwenye damu. Kinachosaidia kwenye zile pombe za nafaka ni maji na shibe, na hivyo unavipata kwenye uji au togwa changa. Na aliyekunywa asilale na mtoto kitanda kimoja usiku huo.

Halafu mjue mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume. Mkinywa sawa, wewe damu yako inapata kilevi zaidi, na ini lako linaharibika mapema. Huyo shemeji anayekwambia "mbona mimi niko fiti" hana ini lako.

Turudi kwa yule mama. Tulimlaza kwetu siku saba. Mama mkwe wake, ambaye mwanzoni hakutaka hata kumtazama, alihamia na mkeka. Mtoto alilelewa kwa kikombe na maziwa ya unga siku zile, huku mama akikamua maziwa na kuyamwaga ili yasikauke. Siku ya sita dawa zikapungua, tukamrudishia ziwa. Sasa anakuja kliniki kila Jumanne. Mwezi wa pili alirudi kunywa mara mbili na alisema mwenyewe, tukaanza upya kuhesabu. Pipa la gongo mama mkwe ameliuza, wanakaanga vitumbua. Faida ni ndogo kuliko ya gongo, na wanalalamika wote wawili.

Sehemu ya 4 ni Jumapili, itakuwa ya kina baba: wiki sita za kwanza baada ya mkeo kurudi nyumbani, nani aamke usiku, na hela ya nyumba ikae kwa nani. Maswali leteni meseji, majina sitaji.