Merthyr: klabu iliyokufa mara mbili

Merthyr Tydfil ni mji wa bonde la mto Taff, kusini mwa Wales, uliojengwa kwa chuma na makaa ya mawe. Klabu yake, Merthyr Town, ilianzishwa mwaka 1908, na kufikia 1920 ilikuwa imeingia katika Ligi ya Soka pamoja na timu za Uingereza. Mwaka 1930 klabu nyenzake zilipiga kura ikatolewa. Mwaka huohuo kiwanda kikuu cha chuma cha Dowlais kilifungwa. Wanaume wasio na kazi wangelipa kiingilio kwa fedha gani? Mwaka 1934 klabu ikavunjika.

Klabu mpya, Merthyr Tydfil, ilizaliwa 1945. Ilipotwaa Kombe la Wales mwaka 1987 ilipata kucheza Ulaya, na Septemba ikaifunga Atalanta ya Italia 2–1 katika uwanja wa Penydarren Park. Kule Bergamo ilifungwa 2–0, na Atalanta hao wakafika nusu fainali.

Usiku huo ndio unaosimuliwa sana. Kwa maoni yangu, mwaka 2010 una uzito zaidi. Madeni yaliiangusha kampuni iliyomiliki klabu, lakini mashabiki walikwisha kuwa na umoja wao; wakaunda klabu yao na kulirudisha jina la Merthyr Town. Walianza madaraja matatu chini, msimu mzima wakiwa wageni katika kijiji cha Taff's Well. Mwaka 2011 walirudi Penydarren Park, wao wenyewe wakiwa wenye klabu.