Sarafu ya Kilwa, Sarafu ya Birmingham

Huenda nyumbani kwenu bibi bado ana senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Mwombe akuonyeshe. Kama ni ya mwaka 1936, itazame vizuri: unaweza kukuta herufi H au KN. H ni kiwanda cha Heaton kilichokuwa Icknield Street, na KN ni King's Norton. Vyote viwili vilikuwa hapa hapa Birmingham. Yaani pesa ambayo babu zetu walinunulia chumvi Tanganyika ilitengenezwa katika mji huu tunaoishi.

Watoto wetu wakisikia hivyo huuliza: "Kwani kabla ya Waingereza sisi hatukuwa na pesa zetu?"

Tulikuwa nazo. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, masultani walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, upande mmoja ukikamilisha kina cha upande wa pili. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Utajiri wa Kilwa ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala iliyopita bandarini kwake. Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali la bahari. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno wakauvamia na kuupora.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, lakini tuliendelea kutumia shilingi ya Afrika Mashariki hadi Juni 1966. Ilipotoka shilingi ya Tanzania, pwani yetu ilirudia jambo ililolijua zaidi ya miaka 600 nyuma. Historia hiyo ni ya watoto wetu pia.

Sasa, nani anaitunza, na nani anafaidika nayo? Mwaka 1981 UNESCO iliandika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa hiyo haikuzuia mawimbi kula ufuko wala miti kupasua kuta, na mwaka 2004 magofu yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kuyaokoa ilihitaji wataalamu na fedha za nje, lakini ilihitaji wenyeji pia: mafundi wa kuchoma chokaa na kujenga kwa mawe ya matumbawe, na watu wa kupanda mikoko ili ufuko usimegwe. Mwaka 2014 Kilwa ilitolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Magofu hayo yamo ndani ya kijiji. Watu wanalima, wanavua na kusomesha watoto pembeni mwa Msikiti Mkuu. Mgeni akija asubuhi na chakula chake, akapiga picha na kuondoka jioni, kijiji hubaki na vumbi la nyayo zake. Mtu asiyepata kitu kutokana na ukuta hana sababu ya kuulinda.

Njia nyingine ipo, na Tanzania imeijaribu. Katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii na shirika la Kiholanzi la SNV walianzisha utalii wa kitamaduni vijijini, kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu. Utaratibu wake ni rahisi: mwongozaji anatoka kijijini, kina mama wanapika chakula cha mgeni, na sehemu ya malipo inaingia katika mfuko wa kijiji kwa kazi kama ya shule au josho la mifugo. Mgeni analipa akijua pesa yake inakwenda wapi.

Hata hapa Birmingham tunaona jambo hilo. Tangu 2004 watu hulipa kuingia katika nyumba za Back to Backs, karibu na Hurst Street, kuona jinsi mafundi na vibarua walivyobanana katika vyumba vidogo. Wangeweza kuzibomoa zote, kama walivyobomoa maelfu nyingine. Saltley yenyewe inakumbukwa kwa tarehe 10 Februari 1972, wafanyakazi walipofunga lango la ghala la makaa. Urithi si majumba ya wafalme peke yake.

Basi, wazazi, mkienda nyumbani likizo ya Agosti, msiishie Dar es Salaam na kwa shangazi. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, Mto Rufiji hauvukwi tena kwa kivuko. Fikeni Kilwa Masoko, lipeni ada ya kuingia na mdai risiti, kisha pandeni boti. Chukueni mwongozaji wa kisiwani, kuleni chakula cha hapo, nunueni mkeka kwa aliyeusuka. Ulizeni kijiji kinapata nini.

Na ile senti yenye tundu mkaibebe. Mtoto aishike mkononi akiwa amesimama ndani ya Husuni Kubwa, na mzazi amweleze ipi ilitangulia.