Chungwa la Mwingereza

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu mmoja alitutangazia darasani kwamba Kiswahili ni lugha maskini wa rangi. Eti rangi zake zenyewe ni tatu tu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zilizobaki zote tumeokoteza kwenye vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na rangi ya machungwa, basi, ni machungwa. Mwingereza, alisema, ana neno lake kwa kila rangi. Darasa zima tukacheka. Tulikuwa tunajicheka wenyewe.

Mimi tayari nilikuwa na daftari la riwaya chini ya godoro, kwa hiyo maneno yale yalinichoma. Mwandishi asiye na rangi ataelezaje jua linapozama? Nilipomaliza shule nikaanza kuchimba, nikachagua neno moja tu la Kiingereza, "orange". Kumbe!

Neno hilo, ndugu msomaji, halikuzaliwa Uingereza. Wataalamu wanaifuata nyayo yake mpaka kusini mwa India, kwenye lugha za Kidravidi. Katika Kisanskriti mchungwa uliitwa naranga. Waajemi wakasema narang, Waarabu naranj, na Waarabu ndio waliousambaza mchungwa, ule wa matunda machungu tunayoyaita madanzi, hadi Hispania na Sisilia. Wahispania mpaka leo wanasema naranja. Lilipopita Italia na Ufaransa, ile N ya mwanzo ikamezwa, kwa sababu neno lao la "moja" linalotangulia nalo lina sauti ya N, na masikio yakashindwa kuzitenganisha. Mwingereza akalipokea kwa Mfaransa katika karne ya 14, likiwa limeshakatwa kichwa.

Na hapo lilikuwa jina la tunda tu. Kama jina la rangi, linaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza miaka ya mwanzo ya 1500. Kabla ya hapo Mwingereza alisemaje? Aliunganisha unjano na wekundu, yakaisha. Hata Chaucer, mshairi wao mkubwa wa karne ya 14, alipotaka kueleza rangi ya mbweha katika hadithi zake za Canterbury, ilibidi ataje rangi mbili na kumweka mnyama wake katikati. Kuna ndege mdogo huko kwao aitwaye robin. Kifua chake ni rangi ya machungwa waziwazi, lakini wanakiita chekundu, maana jina hilo alipewa kabla neno jingine halijafika. Na mtu mwenye nywele za rangi hiyohiyo, hadi leo wanasema ana nywele nyekundu.

Sasa hebu niambie, Mwingereza kafanya nini ambacho Mswahili hakufanya? Wote wawili waliliangalia tunda wakapata rangi. Tena si hilo tu. "Pink" na "violet" nayo yalikuwa majina ya maua kwanza. Tofauti ni kwamba neno "orange" lilitoka mbali na likakaa muda mrefu, hata mwenyeji akasahau kwamba ni mgeni.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kilichozipanga lugha za dunia kwa ngazi kufuata idadi ya maneno yao ya msingi ya rangi. Lugha zenye maneno matatu, walisema, huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Bila shaka hapo ndipo hoja za namna ya mwalimu wetu hupata nguvu. Lakini wao wenyewe waliweka sharti kwamba neno ambalo pia ni jina la kitu litiliwe shaka. Sharti hilo lingeweza kulitoa nje hata neno "orange", nao wakalikiri hilo, lakini mwishowe wakaliingiza katika yale maneno kumi na moja ya Kiingereza. Mgeni alishakuwa mwenye nyumba.

Rangi hii imebeba hata siasa. Kuna mji kusini mwa Ufaransa uitwao Orange. Jina lake la kale ni Arausio, wala halikutokana na tunda; sauti tu zilifanana. Ukoo wa kitawala wa Uholanzi uliurithi mji huo mwaka 1544, ukachukua jina na baadaye rangi. Mmoja wao, William wa Tatu, akawa mfalme wa Uingereza mwaka 1689, na ndiyo maana Waprotestanti wa Ireland walipounda chama chao mwaka 1795 walikiita kwa jina hilo. Mto Orange wa Afrika Kusini nao ulipewa jina mwaka 1779 kwa heshima ya ukoo huohuo, si kwa rangi ya maji yake. Na majirani zetu Wakenya, mwaka 2005, walipigia kura rasimu ya katiba kwa alama za matunda: ndizi kukubali, chungwa kukataa. Chungwa likashinda, likazaa na chama.

Lakini msomaji, nisije nami nikawa nyani yuleyule. Nenda Muheza msimu wa machungwa. Utayakuta yamerundikwa barabarani, yameiva, matamu, na ganda lake ni la kijani! Ukijani wa ganda hutolewa na baridi ya usiku, na kwetu Pwani baridi hiyo haipo. Sasa tunaposema "rangi ya machungwa", tunasema machungwa ya nani? Nadhani hapo hatukutazama sokoni kwetu. Tulitazama chungwa la Mwingereza.

Kwa hiyo kosa si kuokota rangi kwenye vitu. Lugha zote huokota. Kosa ni kuokota bila kutazama. Katika daftari langu mhusika anasimama ufukweni Ujiji, jua likizama upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimeandika kwamba anga ilikuwa rangi ya machungwa. Nimefuta. Sasa ni rangi ya mawese. Mtu wa Kigoma akisoma, hatauliza.